Babu wa Uskoti haonekani: dalili, chanzo na pa kugusa

Siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni, huko Ontario, Kanada, mama mkwe aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamtajia Tanga, nikamtajia Pangani, kisha kijiji, kisha jina la babu na la baba yake babu. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema yeye kwao analijua neno moja tu: Scotland. Mwaka uliofuata akaniwekea mezani Biblia ya ukoo wao, nzito kama tofali. "Wewe mwanangu unajua kwenu," akasema. "Nitafutie na kwetu."

Niliingia kichwakichwa. Miezi minane nilimfuata John MacDonald, niliyedhani ndiye babu wa mama mkwe, ambaye mwishowe nilimkuta amekufa Uskoti kabla mkewe wa Kanada hajazaliwa. Tangu hapo nimesaidia familia kadhaa zilizokwama hivyo hivyo, za huku na za Watanzania na Wakenya waliooa au kuolewa huku, na nimeona karibu kila anayekwama ameanza upande usio wake wa bahari. Haya hapa malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara. Tafuta lako, usisome yote kwa mpango.

"Naandika jina lake, wanatoka watu arobaini"

Hii ndiyo homa ya kila anayeanza. Majina ya koo za Uskoti si mengi, na ya ubatizo ni machache zaidi. Katika kisiwa cha Skye, akina MacDonald, MacLeod, Nicolson na MacKinnon wanajaza kurasa, na kila nyumba ina John, Donald, Mary na Catherine. Jina peke yake halikufikishi popote.

Serikali ya Uskoti ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kuna vitabu vya Kanisa la Uskoti, na kila parokia ilikuwa na vyake. Parokia zilipita 900, na kitabu kikongwe kuliko vyote, cha Errol huko Perthshire, kinaanzia 1553. Babu yako kama aliondoka 1830 hana cheti cha kuzaliwa hata umtafute vipi. Ana mstari mmoja katika kitabu cha parokia moja, akibahatika. Usipoijua parokia, huna unachotafuta.

Jina la parokia hiyo, mara nyingi, limeandikwa alikokwenda, si alikotoka. Uskoti hakuna aliyekuwa na haja ya kuandika "huyu ni mtu wa hapa", kwa kuwa kila mtu alimjua. Ugenini ndiko alikoulizwa kwao ni wapi: na karani, na mchungaji, na mchonga jiwe la kaburi. Kwa hiyo anzia kaburini urudi nyuma. Funga kabisa ukurasa wa Uskoti mpaka uwe na jina la mahali.

Ubora wa karatasi unategemea alikofia. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza usajili 1853, na vyeti vyake vya kifo ni hazina: mahali alipozaliwa, baba, mama na jina la kwao mama, alioa wapi akiwa na umri gani, watoto wote kwa majina, na ameishi miaka mingapi katika koloni. New South Wales walifuata 1856. Vyeti vya Nyuzilandi ni vikavu mpaka 1876, ndipo vinapoanza kutaja wazazi na mahali pa kuzaliwa. Ontario walianza Julai 1869, na kusema kweli walikuwa wavivu wa maneno. Ndiyo maana dalili inayofuata inawapata zaidi watu wa Kanada.

"Cheti kinasema 'Scotland', basi"

Kwanza tazama nani aliyetoa taarifa. Cheti cha kifo hakisemi anachojua marehemu. Kinasema anachojua aliyekwenda kuandikisha, na huyo huenda ni mkwe aliyekuwa akiwaza jeneza na chakula cha wageni. Mjukuu aliyezaliwa Ontario ukimuuliza babu alizaliwa wapi, atakujibu alichosikia jikoni.

Kisha toka kwa babu, nenda kwa ndugu zake. Watu hawa hawakusafiri peke yao. Walihama kaka na dada, binamu, wakwe na majirani wa shamba moja, wakafika wakakaa jirani tena. Mtu mmoja ana karatasi tatu, lakini ndugu sita wana karatasi kumi na nane, na inatosha moja tu kati ya hizo iwe imeandikwa na karani mdadisi. Hasa mtafute aliyekufa wa mwisho, kwa sababu fomu zilizidi kuwa ndefu kadiri miaka ilivyokwenda. Na usimsahau aliyebaki Uskoti. Kaka ambaye hakuhama, akafia huko 1870, ana cheti cha kifo kinachotaja baba na mama wote wawili, na jina la kwao mama. Wazazi wake ndio wazazi wa mhamiaji wako.

Sisi tuliupata mji wa mama mkwe kwa njia hiyo, na si katika karatasi hata moja ya babu mwenyewe. Nyuma ya kaburi lake, safu mbili, kulikuwa na jiwe lililoinama la mwanamume ambaye hakuoa, jina la ukoo ni hilo hilo. Tulikuwa tumelipita mara nne. Mara ya tano ilikuwa jioni, jua limelala, na mwanga wa ubavuni ukaziinua herufi kutoka kwenye ukungu: *native of Kilmuir, Inverness-shire*. Mzaliwa wa Kilmuir. Adhuhuri jiwe hilo ni tupu kama sahani. Nenda makaburini asubuhi na mapema au jioni, na usilisugue jiwe kwa brashi ya chuma wala kulipaka chaki. Ukiharibu herufi umewakatia njia na wenzako.

Mahali pengine pa kugusa: magazeti. Taarifa za vifo za wazee wa Kiskoti ndefu zilikuwa jambo la kawaida, na hifadhi za mtandaoni za magazeti ya zamani, Trove ya Australia na Papers Past ya Nyuzilandi, zinasomeka bure. Tafuta pia daftari la kanisa la Kipresbiteri la mtaa wake, ambalo mara nyingine linaonyesha mshirika alitoka parokia gani, kwa kuwa aliyehama alitakiwa kuja na barua ya baraza la wazee wa kanisa la kwao kuthibitisha kwamba ni mtu mwenye mwenendo mzuri. Kama familia yenu inasema babu alikuwa mtu wa manyoya na mitumbwi kaskazini ya Kanada, huenda aliajiriwa na Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, iliyochukua vijana wengi wa visiwa vya Orkney; nyaraka zake ziko Winnipeg, na kuna kurasa za wasifu za wafanyakazi zinazotaja parokia zao. Na kama walitoka nyanda za juu au visiwani kwenda Australia kati ya 1852 na 1857, jaribu orodha za Highland and Island Emigration Society. Chama hicho kilisafirisha karibu watu 5,000, kikaandika familia nzima kwa umri na mahali walipokuwa wakiishi. Hiyo ni bahati ya kuokota.

"Nimepata jina la mahali, lakini halipo, au yapo matano"

Tulishangilia Kilmuir kwa usiku mmoja. Asubuhi nikakuta kuna Kilmuir kaskazini mwa Skye, Kilmuir nyingine karibu na Dunvegan kisiwani humo humo, nyingine North Uist, na nyingine mbili upande wa Ross-shire. Jina lenyewe ni la Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, maana yake kanisa la Maria, na makanisa ya Maria hayana idadi. Kilichotuokoa ni neno la pili kwenye jiwe: kaunti. Inverness-shire iliziondoa zile za Ross, zikabaki za visiwani.

Kaunti nayo ina mtego. Mtu akiandika "Inverness" usimpeleke mjini Inverness. Skye, Harris, North Uist, South Uist na Barra zote zilikuwa chini ya Inverness-shire. Lewis na Harris ni ardhi moja, unavuka kwa miguu, lakini Lewis ilikuwa Ross-shire. Aliyeandikwa "Glasgow" au "Greenock" huenda alipandia meli tu hapo. Halafu kuna majina yaliyohama na watu: Perth ipo Ontario na ipo Australia, New Glasgow ipo Nova Scotia, na Dunedin ya Nyuzilandi, iliyoanzishwa 1848 na watu wa Kanisa Huru lililojitenga na Kanisa la Uskoti, ni jina la Kigaeli la Edinburgh. John MacDonald wangu wa miezi minane alinipotezea njia kwa neno moja, "Glengarry". Nilikimbilia Uskoti. Kumbe karani alimaanisha kaunti ya Glengarry ya Ontario, walikoanza kukaa Waskoti tangu miaka ya 1780, na babu wa mama mkwe alipitia huko tu, kwa kazi ya mbao.

Mahali pasipoonekana kabisa kwenye ramani huwa ni shamba au kitongoji, na limeandikwa kwa sikio la karani asiyejua Kigaeli. Lisome kwa sauti, ukibadilisha irabu, huku umefungua ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, zile za inchi sita kwa maili, ambazo Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka mtandaoni bure. Vitongoji vingine vilifutwa. Boreraig na Suisnish, kusini mwa Skye, wakazi walifukuzwa miaka ya 1850 ili kondoo wapate malisho. Leo ni kuta za mawe bila paa. Kijiji chenu kama ni cha namna hiyo, usikitafute kwenye simu.

"Parokia ninayo, ubatizo wake haumo"

Usiseme hakuzaliwa huko. Sababu ni nyingi, na zipime kwa mpangilio huu. Kwanza, kitabu chenyewe kinaanzia mwaka gani? Parokia nyingi za magharibi na visiwani hazina kitu mpaka karne ya 19 iwe imeanza, na katikati kuna mapengo ya miaka. Pili, miaka: kati ya 1783 na 1794 kila ubatizo ulioandikwa ulitozwa kodi ya peni tatu, na maskini wakaona mtoto amebatizwa inatosha, maandishi ya nini. Tatu, dhehebu. Mwaka 1843 karibu theluthi ya wachungaji walijitoa Kanisa la Uskoti wakaanzisha Kanisa Huru, na walikuwapo waliojitenga miaka mia moja kabla yao. Barra, South Uist na Morar ni Wakatoliki, na wengi wa wale wa Glengarry pia. Vitabu vyao ni vingine, ingawa ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti unakolipia kila picha, imevikusanya vingi.

Usipompata yeye, tafuta ubatizo wa ndugu zake, kwa jina la baba na la mama pamoja. Familia iliyobatiza watoto wanne parokia moja ikaruka mmoja, huyo mmoja ni wako. Na kama ndugu yeyote alizaliwa au kufa Uskoti mwaka 1855 wenyewe, kimbilia cheti hicho: fomu ya mwaka ule wa kwanza iliuliza mambo mengi mno, ikiwemo, kwa aliyezaliwa, wazazi walizaliwa wapi, na kwa aliyekufa, yeye mwenyewe alizaliwa wapi, wakaipunguza mwaka uliofuata kwa kuwa makarani walilemewa.

"Bibi amepotea"

Hajapotea, mmemwandika jina la mumewe. Mwanamke wa Kiskoti kisheria alibaki na jina la kwao hata baada ya kuolewa, na utalikuta kwenye cheti chake cha kifo na hata kwenye jiwe. Alipofika Kanada au Australia akaitwa Bibi Fulani wa Fulani. Kwa Kigaeli ni karibu zaidi na kwetu: *Mac* ni "bin", na mwanamke hawi *Mac*, anakuwa *Nic*, yaani binti.

Jina la kwanza ndilo linalocheza. Jessie ni Janet, na Janet ni Jean. Donald akishuka melini anakuwa Daniel, Angus anaandikwa Aeneas, Patrick na Peter ni mtu mmoja. Jina la Kigaeli Mòr makarani waliligeuza Marion au Sarah. Na Oighrig, ambalo hakuna Mwingereza aliyeweza kulitamka, liliandikwa Effie, Euphemia, na mara nyingine, niliposhtuka mpaka nikaita mke wangu aje aone, Africa. Ukimkuta Africa MacDonald kwenye sensa usianze kuandika historia mpya ya biashara ya Bahari ya Hindi. Ni Effie.

Msaada mkubwa ni desturi ya kurithisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa la baba wa baba, wa pili la baba wa mama. Mkikuyu hapa hahitaji maelezo, ila kwa binti wa kwanza Waskoti walianza na mama wa mama, kinyume chake. Wengi waliifuata, si wote, kwa hiyo itumie kama fununu na usiipeleke mahakamani. Jina la kati linalofanana na jina la ukoo karibu daima ni la kwao bibi mmoja.

"Umri haulingani"

Hautalingana. Sensa ya 1841 iliagiza umri wa waliozidi miaka 15 ushushwe hadi tano ya chini yake, hivyo mtu wa 39 anaandikwa 35. Waliosafiri kwa nauli ya msaada walikuwa na sababu ya kujipunguzia miaka, kwa kuwa wazee hawakutakiwa. Wazee nao wakifika themanini huongeza. Tafuta miaka kumi mbele na kumi nyuma.

Ile Biblia nayo niliichunguza kidogo. Watoto wa kwanza wameandikwa kuanzia 1838, mwandiko mmoja, wino mmoja, hakuna hata mahali kalamu ilipokauka. Nikafungua ukurasa wa jina la mchapishaji: 1871. Maana yake mtu aliketi siku moja baada ya 1871 akaandika yote kwa kukumbuka, na mtoto wa tatu na wa nne wamepishana miezi mitano.

"Nimempata! Na miti minane ya ukoo mtandaoni inakubali"

Miti minane iliyonakiliana ni shahidi mmoja. Mpime hivi: mchukue yule mtoto uliyempata kitabuni, umfuate *Uskoti*, ukijaribu kwa nguvu zako zote kuthibitisha kwamba hakuhama. Alizikwa akiwa mchanga? Yumo kwenye sensa ya 1851 au ya 1861 akichunga ng'ombe kwa baba yake, na wewe unasema alifika Kanada 1840? Alioa huko, akafa huko baada ya 1855, wazazi wake ni wale wale? Basi si wako, hata kama inauma. Dakika ishirini za kazi hii zingeniokoa miezi minane.

DNA inasaidia, lakini watu wa kisiwa kimoja wameoana vizazi na vizazi. Utaonekana ndugu wa karibu wa watu mia ambao kwa kweli ni binamu wa mbali kwa njia tano tofauti.

"Sijapata meli"

Pengine haipo ya kupatikana. Marekani ilianza kudai orodha za abiria 1820. Quebec orodha za mfululizo zinaanzia 1865 na Halifax 1881. Aliyefika kabla ya hapo alishuka tu akaenda zake. Upande wa Uingereza, orodha za wanaoondoka zilizohifadhiwa ni za 1890 hadi 1960. Watu wanamaliza likizo nzima wakitafuta meli ya 1832 ambayo hata ikipatikana itawaambia "J. McDonald, kibarua". Mimi meli siitafuti mpaka mengine yote yaishe.

Isipokuwa ukoo wako ni wa Afrika Mashariki. Waskoti waliokuja Kenya na Tanganyika, awe mmisionari wa Thogoto, mahali palipopewa jina lake na Wakikuyu kwa kulitamka "Scot" kwa namna yao, awe fundi wa reli au mwenye shamba, wengi walisafiri ndani ya miaka hiyo ya orodha. Hapo anzia melini: tafuta bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, na kwa safari za miaka ya 1920 na kuendelea utazame safu ya anwani ya mwisho Uingereza. Yule wa misheni, mafaili ya kamati yake yako Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, na barua zake huenda zikakuambia zaidi ya alivyotaka.

Mama mkwe alikwenda Kilmuir ya Skye mwezi Mei. Alinipigia simu kutoka makaburini, upepo unavuma mpaka simsikii vizuri, akawa ananisomea majina ya watu wake jiwe baada ya jiwe. Kwenye jiwe la nne akaniuliza Pangani napo huwa na upepo namna hii.